Saa ya mkononi ilisema mama hana neno, juzi imegeuza kauli

Shikamoo Bibi Nesi,

Mimi ni wa pili kati ya watoto watatu, naishi Mbagala. Mama yetu ana miaka 61, yuko Tanga, Ngamiani, anakaa na mjukuu wake wa kidato cha pili. Ana presha ya miaka mingi na dawa anameza vizuri, hapo simlaumu.

Tangu Ramadhani iliyopita moyo wake umeanza vituko. Yuko anakuna nazi, ghafla anashika kifua. Mwenyewe anasema ni kama kuku aliyefungwa miguu akatiwa kapuni: unakwenda mbio, unaruka, unakwenda mbio tena. Inachukua robo saa, siku nyingine nusu saa, halafu inakoma yenyewe kama vile hapakuwa na kitu. Kwa wiki ni mara mbili au tatu, na zaidi ni usiku. Kuzimia hajawahi.

Hospitali tumekwenda mara tatu. Zote tatu, mpaka afike, faili lipatikane, foleni isogee, moyo umeshatulia. Anapimwa ECG, kile kipimo kinachochora mdundo wa moyo kwenye karatasi, inatoka safi. Mara ya tatu daktari mmoja kijana akamwambia, "Bibi huna ugonjwa, punguza mawazo." Mama alirudi nyumbani akalia. Hakulilia ugonjwa, alilia kuonekana mwongo.

Mwezi uliopita alilazwa usiku mmoja ili aangaliwe, nami nilikuwepo. Wakambandika stika kifuani, nyaya zikaenda kwenye kitu kama televisheni ndogo juu ya kitanda. Saa nane usiku ile mashine ikaanza kulia. Natazama, mstari umenyooka! Nilipiga ukunga, wodi nzima ikaamka. Nesi akaja akitembea, wala hakukimbia. Akamtazama mama usoni, akainua shuka, akabandika upya stika moja, mawimbi yakarudi. Mama akaniuliza, "Unamlilia nani wewe?" Aibu niliyoipata naijua mwenyewe. Toka siku hiyo hizo mashine siziamini.

Asubuhi daktari mkubwa akasema mama avae kifaa cha kurekodi moyo kwa saa 24, na kwamba itabidi aje Dar. Mama hataki. Anasema nyaya zitampiga shoti, na majirani wakiona wataona amefungwa hirizi. Wifi yangu naye anasema huo si moyo, ni jini, ndiyo maana anakuja usiku.

Sasa kaka yetu yuko Maskati. Aliposikia akatuma saa ya mkononi inayopima moyo, na mjukuu ndiye anayempimia bibi yake. Mara kama kumi ikasema mdundo ni wa kawaida. Kaka akafurahi: "Ya nini kwenda kumwaga pesa Dar? Saa imeshasema." Alhamisi iliyopita, saa tisa usiku, moyo ulipoanza mjukuu akampima, saa ikaandika kuna dalili za AF, yaani mdundo wa moyo uliovurugika, amwone daktari. Kaka sasa anasema saa ni mbovu, atatuma nyingine. Mama ameivua, ameifungia kabatini chini ya khanga, anasema inamwitia maradhi.

Bibi, niamini kipi? Hospitali iliyosema mzima mara tatu, saa iliyosema mzima mara kumi, au saa hiyohiyo iliyosema mgonjwa mara moja?

Binti wa Kati, Mbagala


Marahaba mwanangu, poleni sana.

Kaka yako nimempenda. Saa ikisema analolitaka ni nzima, ikisema asilolitaka ni mbovu. Mwambie bibi mmoja aliyebandika stika za ECG kwa miaka mingi anamsalimu, na anamuuliza swali moja tu: zile mara kumi, mama alipimwa wakati moyo unakimbia, au alipimwa mchana akiwa amekaa barazani ametulia?

Muulize mjukuu, yeye ndiye anajua. Na sina shaka jibu litakuwa ni mchana, barazani. Kama ni hivyo, zile kumi hazikwambii chochote ambacho hospitali haikuwa imeshakwambia, yaani kwamba moyo wa mama ukitulia, umetulia. Kipimo chenye uzito katika barua yako yote ni hicho kimoja cha Alhamisi usiku, kwa sababu ndicho pekee kilichochukuliwa wakati jambo lenyewe linatokea.

Moyo unadunda kwa umeme wake wenyewe. Juu yake, upande wa kulia, kuna kijisehemu kinachotoa cheche, cheche inateremka, nyama ya moyo inajikaza, damu inasukumwa. Umeme huo ni mdogo mno, ukifika kwenye ngozi unakuwa kama sehemu moja ya elfu ya volti. ECG inausikiliza na kuuchora kwenye karatasi. Pale hospitali wanabandika nyaya 10, nne kwenye mikono na miguu na sita kifuani, na mchoro wa kawaida unachukua sekunde 10 hivi. Katika sekunde hizo moyo wa mama unadunda mara 12 pengine. Kwa siku nzima unadunda kama mara 100,000.

Watu wa Muheza watanielewa haraka zaidi. Ukienda shambani saa saba mchana ukachungulia mara moja, hukuona ngedere, huwezi kurudi ukasema ngedere hawaji. Mahindi yameliwa, na mama ndiye anayekuonyesha mabua. Yule daktari kijana alichungulia mara moja akamwambia mwenye shamba apunguze mawazo. Karatasi aliisoma sawasawa, kosa lake ni kuifanya ijibu swali ambalo haikuulizwa. Mwambie mama kwamba hakudanganya. Mwambie kwa maneno hayohayo, maana hicho ndicho kinachomuuma kuliko moyo.

Hili la usiku wa wodini usilionee aibu, nimewaona madaktari wanafunzi wakifanya zaidi ya hapo. Ile monita ya kitandani ni ndugu wa ECG, ila nyaya zake ni chache, tatu au tano, na kazi yake ni kukesha, wala haikuwekwa pale ichunguze kwa kina. Inalia kwa mambo mengi, na mengi yake si ugonjwa. Mgonjwa kageuka, stika imelowa jasho, waya umevutwa na shuka. Waya ukichomoka, mashine haisikii kitu, basi inachora mstari ulionyooka na kupiga kelele. Yule nesi alifanya kama tulivyofundishwa, kumtazama mtu kwanza ndipo utazame kioo. Mtu ambaye moyo wake umesimama hakuulizi unamlilia nani. Kwa hiyo mashine haikukosea. Ilikwambia kweli kwamba haimsikii mama, wewe ukasikia kwamba mama hayupo.

Sasa saa. Kabla hatujaijadili nataka uhakikishe ni saa ya aina gani, kwa sababu jina moja linabeba vitu viwili. Karibu saa zote hizi zina taa ya kijani kwa chini. Taa inamulika ngozi na kuhesabu damu inavyopita kwenye mishipa midogo. Hiyo ni hesabu ya mapigo, umeme wa moyo haiuoni. Nyingine, za bei rahisi, zinachora na mawimbi mazuri ya kupendeza ambayo hayatoki moyoni kwa mtu. Mjukuu wangu aliifunga moja kwenye ndizi mbichi, ndizi ikapata mapigo 78. (Tuliila. Haikuwa na presha.)

Saa inayopima umeme kwelikweli utaijua hivi: inakutaka uiguse kwa kidole cha mkono wa pili, utulie kama sekunde 30. Lazima iwe mikono miwili, kwa sababu inasikiliza kati ya mkono huu na mkono huu, huku moyo ukiwa katikati. Apple Watch zilianza kufanya hivyo mwaka 2018, na siku hizi kampuni nyingine nazo zinazo. Kama mjukuu alimwambia bibi aweke kidole na kungoja, basi hiyo ni ECG ya kweli, ila ni ya dirisha moja. Ya hospitali inautazama moyo kwa madirisha 12.

Ndiyo maana saa haiwezi kukwambia kama mtu anapata shambulio la moyo. Hata watengenezaji wenyewe wanaandika hivyo. Inachotafuta hasa ni jambo moja, mdundo uliovurugika wa AF. Na hata hapo huteleza. Mkono ukitetemeka, mtu akiongea, au moyo ukiwa na mapigo ya ziada tu, saa inaweza kuita AF kisichokuwa AF. Kwa hiyo sisemi mama ana AF. Nasema saa imeona kitu usiku ule, na alichokiona shahidi kinapelekwa kwa anayejua kukisoma. Daktari wa moyo hatasoma yale maneno ya saa, atasoma mawimbi yenyewe. Yamehifadhiwa kwenye simu iliyounganishwa na saa na yanaweza kutolewa kama faili la PDF. Na hapo nina wasiwasi kidogo: saa ilisajiliwa kwa nani? Kama kaka aliiandaa Maskati kwa jina na umri wake mwenyewe, rekodi za mama zinasoma kama za mwanamume wa Omani. Mjukuu airekebishe, kisha hiyo ya Alhamisi aichape kwenye karatasi.

Kwa nini nang'ang'ania hiyo moja? AF ni pale vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka ovyo badala ya kujikaza kwa pamoja. Damu inazubaa humo ndani, na damu iliyozubaa inaweza kuganda. Bonge likichomoka likapanda kwenye ubongo, ni kiharusi. Mwenye AF ana hatari ya kiharusi kama mara tano ya asiye nayo, na presha ya miaka mingi ni mojawapo ya njia kuu zinazoifikisha AF kwa mtu. Mama yako ana presha hiyo, ana miaka 61, na maelezo yake ya kuku kapuni ni mazuri kuliko mengi niliyowahi kusikia. Ikithibitika, zipo dawa za kuzuia damu isigande, na daktari atapima kama zinamfaa. Ninyi msianze kumpa aspirini kwa kusikia. Na inaweza kutothibitika kabisa: moyo hukimbia pia kwa upungufu wa damu, kwa tezi ya shingoni iliyozidisha kazi, kwa baadhi ya dawa za mafua. Ndiyo maana pamoja na kurekodi moyo muombe apimwe damu, na afanyiwe eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, waone valvu zake zikoje.

Sasa tuje kwa mama na hofu ya shoti, maana bila yeye hapa tunapiga soga tu.

Mwambie hivi. Nyaya hizi hazileti umeme, zinausikiliza ule alio nao yeye mwenyewe tangu akiwa tumboni kwa mama yake. Mholanzi mmoja, Willem Einthoven, ndiye aliyeunda mashine ya kwanza iliyouchora vizuri, mwanzoni mwa karne iliyopita kule Leiden. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alikaa kitini ametia mikono yote miwili na mguu mmoja kwenye ndoo za maji ya chumvi. Mwaka 1905 akachukua mapigo ya wagonjwa waliokuwa hospitalini na kuyapokea kwenye maabara yake, kilomita moja na nusu mbali, kwa waya wa simu. Kaka akituma PDF kwa WhatsApp asidhani ameanza yeye. Toka ndoo zile hadi saa ya kabatini, jambo ni lilelile: mkono na mkono, moyo katikati.

Kifaa cha saa 24 kinaitwa Holter, kwa jina la Mmarekani Norman Holter wa Montana. Chake cha kwanza, miaka ya 1940, kilibebwa mgongoni na kilikuwa na kilo 38. Hesabu kiroba cha unga cha kilo 25, ongeza nusu ya kingine. Cha leo hakizidi simu ya kitochi, kinaning'inia shingoni au kiunoni chini ya dira. Jirani haoni kitu. Akiona, aambiwe ni redio.

Najua atauliza kuhusu swala. Udhu hauna shida, kwa kuwa maji hayafiki kifuani, ila ajipanguse vizuri mikono yasiteremke. Kuoga mwili mzima asubiri mpaka kivuliwe, kwa hiyo aoge vizuri asubuhi ya siku hiyo, na kifuani asipake mafuta wala losheni, stika hazitashika. Avae kitu chepesi cha pamba, maana joto letu na gundi havipatani. Kurukuu na kusujudu aendelee, na kupika apike. Hicho kifaa kinataka kuona maisha yake ya kila siku, akikaa kitandani siku nzima kwa heshima ya mashine atakuwa amekinyima kazi.

Atapewa karatasi ya kuandika. Wengi wanairudisha tupu, na hilo huniudhi mpaka leo nikiwa nimestaafu. Moyo ukianza, abonyeze kitufe kama kipo, na mtu aandike saa na alichokuwa anafanya. Kama saa za ukutani zinamchanganya, atumie swala: "kidogo baada ya Alasiri, nilikuwa nachambua mchele." Inatosha kabisa.

Ila nikuambie kitu ambacho huenda hukuambiwa. Mama anapatwa mara mbili au tatu kwa wiki. Saa 24 zinaweza kupita kimya, mkarudi na jibu safi la nne. Kwa hiyo muulizeni daktari kama inawezekana kuvaa saa 48 au zaidi. Vipo pia vibandiko vinavyokaa kifuani mpaka siku 14, na kwa wale wanaozimia mara chache chache, kipo kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi na kurekodi kwa miaka. Mama hajafika huko. Kabla hajapanda basi la Dar, pigeni simu kwanza. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hizi, lakini popote mtakapoelekezwa ulizeni kama kifaa kipo siku hiyo, kama bima inakilipia, na kinarudishwa lini. Kilomita 350 si za kwenda kuambiwa njoo wiki ijayo. Usiku anaporekodiwa akalale kwako.

Na saa itoke kabatini. Siku ambazo Holter haipo ndizo siku zake. Mpango ni huu: moyo ukitulia, iachwe, asipimwe kila dakika mpaka aumwe na hofu ya kupimwa. Moyo ukianza, akae, mkono ulale juu ya meza au paja, asiongee, aweke kidole, sekunde 30. Kama atapambwa piko kwa ajili ya harusi, asiwekwe pale saa inapokaa, rangi nzito inaweza kuiziba ile taa ya kijani. Betri ikiisha, mjukuu aweke vidole viwili chini ya kidole gumba cha bibi yake, ahesabu dakika nzima, asikilize kama ni ngoma ya mpigaji anayejua au ngoma iliyoshikwa na mtoto. Akiandika hilo peke yake kwenye daftari, daktari atamshukuru.

Lipo na jingine ambalo halihitaji Dar wala Maskati. Tafuteni leo kituo cha karibu zaidi na Ngamiani chenye mashine ya ECG inayofanya kazi, na yenye karatasi. Si lazima kiwe kikubwa. Safari ijayo moyo ukianza, ni bajaji moja kwa moja hadi hapo, na mlangoni aseme, "Unakimbia sasa hivi, nipimeni kwanza, faili baadaye." Sekunde 10 za wakati huo zina thamani kuliko mwezi mzima wa karatasi safi.

Lakini akizimia, akibanwa kifua, akikosa pumzi, au mdomo ukapinda, mkono ukalegea, maneno yakamshinda, msipime chochote. Nendeni hospitali saa hiyohiyo, saa ya mkononi itawafuata baadaye au isiwafuate.

Wifi yako usigombane naye. Akitaka kumsomea mama, amsomee, mama atalala vizuri. Asimpe tu dawa za kunywa ambazo hazijulikani ndani yake mna nini, na asimzuie kuja Dar. Vitu vinavyokuja usiku ni vingi, na AF ni kimojawapo.

Jambo la mwisho, na hili ulifanye leo kabla hujalala. Zile karatasi tatu za ECG, kama mnazo, ni za aina inayochorwa kwa joto, na kwa joto hilohilo hufifia. Usizipeleke laminesheni, zitarudi nyeusi tii. Mwambie mjukuu azitoe kwenye bahasha, azitandaze mezani penye mwanga, azipige picha moja moja, akutumie.

Bibi Nesi